Msiba Ambao Hawakuupeleka Misima

Siku ya hitima ya kaka yangu Salehe, pale Handeni mjini, msemaji wa familia alisimama mbele ya watu waliojaa chini ya turubai, akakohoa, akaanza kusoma maisha ya marehemu. Alisema marehemu alikuwa mpole, mchapakazi, mtu wa watu. Hayo niliyameza, maana msibani kila mtu hugeuka malaika. Kisha akasema, "Marehemu alioa mara mbili. Mke wake wa kwanza, aliyekuwa rubani wa ndege, alimtoroka." Watu wakatikisa vichwa, wakimhurumia kaka. Mimi nilikuwa upande wa wanawake nimeshika sahani ya pilau, nikaiweka chini. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimelisikia neno hilo, alitoroka, likisemwa sebuleni, shambani, hata harusini. Sasa limesemwa kwenye kipaza sauti na kufuatiwa na dua. Naandika sura hii nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Anayetaka kumbukumbu tamu za ujana wangu aruke kurasa hizi, zipo nyingine huko mbele.

Mwaka ninaousema ni ule niliomaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani bila la kufanya. Mama akaniambia niende Manundu, Korogwe, kwa kaka Salehe, nikamsaidie wifi kazi za nyumbani. Hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia majirani. Sababu yenyewe aliniambia akinifungia mzigo wangu: "Nenda ukamwangalie yule mwanamke. Mke gani huyo anashinda angani? Anarudi saa ngapi, anaongea na nani, kaka yako anakula nini, vyote nataka kuvijua." Basi nilifika Manundu nikiwa mpelelezi, tena mpelelezi mwenye bidii. Siku ya kwanza nilifungua makabati, nikahesabu masufuria kwa macho, nikanusa chai kama ina maziwa. Jioni wifi akarudi, akavua viatu mlangoni, akanitazama, akacheka. "Karibu, wifi yangu mbaya. Umeshamaliza kukagua, au nitoke kwanza nikupe nafasi?" Nilitamani ardhi inimeze. Jina lake lilikuwa Mwantumu, na ndani ya muda mfupi kazi ya upelelezi ilinishinda kabisa, maana huwezi kumpeleleza mtu ambaye anakuambia kila kitu kabla hujauliza.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili na sebule, jiko liko nje, na bati ambalo mvua ikinyesha mlilazimika kusogeleana ndipo msikilizane. Nyuma ya mlango wa uani lilining'inia ovaroli lake la kazini, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia dawa kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaoshuka kwenye mtama na kumaliza shamba la mtu mchana mmoja. Dawa ile ilikuwa sumu. Akirudi, kabla hajagusa sufuria wala mtu, alifua ovaroli mwenyewe kwenye beseni lililotengwa, akasugua mikono kwa jivu na limau mpaka viwiko, akaoga, ndipo akaja kuketi kwenye mbuzi kukuna nazi. Mama yangu alitaka kujua kama mwanamke huyu anajua kupika. Nilimpelekea taarifa: mbaazi zake za nazi zilimfanya kaka arambe vidole, na bada lake, ule ugali wa muhogo, halikuwa na madonge. Mama hakufurahi. Alikuwa na hamu ya kusikia mabaya, na mimi sikuwa nayo.

Tukikaa uani akinikunia nazi ndipo aliponisimulia Misima, kijiji chao huko Handeni. Utoto wake wote aliutumia kuamia ndege. Mama yake alifunga kamba ndefu kutoka pembe hadi pembe ya shamba, akatundika makopo, na mtoto akikaa kwenye kichanja aliivuta kamba tangu alfajiri mpaka jua linazama. "Nikisinzia kidogo tu, ugali wa mwezi mzima umekwenda," aliniambia. "Mama alikuwa hanipigi. Alikuwa analia. Afadhali angenipiga." Ile safari yake ya kwenda nje ya nchi kusomea urubani, mwanamke wa kwanza kutoka kwetu kushika usukani wa ndege, aliipitia juu juu kana kwamba alikwenda sokoni. Baridi kali, wazungu wakimuuliza kama kwao wana nyumba, basi. Ila habari za kwelea kwelea alizieleza mpaka nazi ikaisha. Kwamba mchana wametawanyika na huwapati. Kwamba jioni wanarudi wote kulala kwenye miti ya miiba kule nyikani, na hapo ndipo unapowapitia juu, chini chini kabisa, jua likiwa linazama. Wafugaji ndio waliomwonyesha mahali pa kulala ndege, na wake zao walimpa maziwa kwenye kibuyu. Akipita juu ya Misima, aliinamisha bawa upande wa shamba la mama yake. Mama yake naye alisimama katikati ya mtama akapunga khanga.

Sasa sikiliza ubaya wa kazi yenyewe, maana msiba wote umetoka hapa. Kazi inaishia jua likizama, na ndege lazima irudi Korogwe kulala kwenye uwanja wa nyasi wa shamba la mkonge alikoajiriwa kaka yangu kama karani. Kwa hiyo wifi kila jioni alitua kiza kikianza kuingia. Uwanja haukuwa na umeme. Mkataba kati ya shamba na wenye ndege, waliomwajiri wifi, ulikuwa kwamba shamba litawasha karabai na kuzipanga pande zote mbili za uwanja, na aliyebeba dhamana hiyo alikuwa Meneja wa shamba. Mara kadhaa nilikwenda kumpokea. Ukiziona zile karabai zikivuma kwenye nyasi, halafu mlio unakuja kutoka upande wa Handeni, halafu kitu kile kinashuka katikati ya mwanga na wifi yangu yumo ndani, ungependa kumshika kila mtu mkono umwambie yule ni wetu. Kaka naye mwanzoni alijivuna. Alisimama pale na shati lililopigwa pasi, akiwaambia wenzake, "Huyo, mama watoto." Watoto hawakuwapo bado, na wenzake walianza kulisema hilo. Sokoni Manundu nilisikia kwa masikio yangu wanawake wakinong'ona kwamba anayekaa angani tumbo lake hukauka. Kwenye kijiwe cha kahawa waliuliza Salehe anafuliwa na nani. Kaka alianza kurudi amenuna, akaacha kwenda uwanjani, na ikawa mimi peke yangu ninayempokea.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Mchana tulikula wote watatu sebuleni, bada na mboga ya mchunga, na samaki mkavu aliyekuwa na chumvi nyingi kwa sababu nilimpika mimi. Wifi hakula sana. Asubuhi alikuwa amepita shambani na kukuta chumba cha karabai kitupu; mlinzi alimwambia zote zimebebwa kwenda nyumbani kwa Meneja, kwake kuna harusi ya binti yake. Karabai za kuongozea ndege zilikuwa zinakwenda kuwamulikia wapiga ngoma. Hilo ndilo jambo ambalo hata leo nikilisimulia watu wa mbali hawaamini, na watu wa kwetu wanaamini mara moja. Kwetu kitu cha kazi ni cha kuazimana. Mkubwa akiwa na shughuli, viti vya shule vinakwenda kwake, gari la wagonjwa linabeba kreti za soda, na hakuna anayeona ajabu.

"Leo siruki," wifi alisema. "Nikichelewa kidogo na wingu hili, nitatua juu ya nini?"

Kaka akaacha kutafuna. "Usianze, Mwantumu. Wakulima wanasubiri, Meneja ameshasema utaruka. Unataka aseme mke wa Salehe amemharibia harusi ya mwanawe?"

"Amwambie mtu arudishe hata karabai nne."

"Na nani atakwenda kumwambia? Mimi? Utanifukuzisha kazi kwa taa!" Alisukuma sahani. "Rubani gani unaogopa kiza? Si ulikwenda kusoma?"

Wifi alimtazama kwa muda. Alikuwa na namna ya kumtazama mtu bila kumkasirikia, na mimi nilitamani amkasirikie. Kisha akainuka, akanawa, akachukua ovaroli nyuma ya mlango. Aliponipita aliniambia samaki wangu anafaa kulambwa na mbuzi kwa chumvi yake, nisimpike tena kesho. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Sina maneno mengine makubwa ya kuwapa wasomaji, hayo ndiyo yaliyosemwa.

Jioni mvua ilianza mapema. Nilikuwa jikoni nikasikia mlio ukija kutoka upande wa Handeni, chini ya wingu, ukapita juu ya Manundu. Nikajua anatafuta uwanja. Nilichomoa chemli ukutani, nikatoka nikipiga kelele, na nitawasifu wanawake wa Manundu mpaka nitakapokufa, maana wale wale waliosema tumbo lake limekauka walitoka na kandili zao, vibatari vyao, mmoja na kijinga cha moto alichokichomoa mafigani, tukakimbia na mvua kuelekea shambani. Vibatari vilizimika njiani. Mlio ulipita mara nyingine juu yetu. Kutoka kwa Meneja tulisikia ngoma, na nyumba yake ilikuwa inang'aa kwa karabai. Tulipofika kwenye nyasi tukiwa na taa mbili tatu zilizosalia, tukazinyanyua juu, mlio ulikuwa umeshageukia upande wa milima. Tukasimama pale tumenyoosha mikono. Haukurudi.

Walimtafuta kwa jina tu. Ilikuja ndege nyingine ikazunguka nyika za Handeni siku chache, kule ambako hakuwa. Wafugaji wakasema wazi kwamba ndege ya yule mama iliondoka kwao salama, ikapita juu ya ng'ombe wao kuelekea Korogwe. Hakuna aliyewasikiliza. Mwanamke mmoja wa Lutindi, huko milimani, aliyekuwa akishusha mapeasi sokoni Manundu, alisema mbele ya genge zima la wanunuzi, "Tumeisikia kwetu jioni ile. Imekuja kwenye ukungu, juu kule nyuma ya misheni, imezunguka, imekatika. Asubuhi waume zetu wameingia msituni, mvua imewarudisha." Nilimshika mkono nikampeleka kituoni. Askari aliandika kidogo, akatuambia ukungu una mambo mengi, akatuaga. Hakuna aliyepanda Lutindi kwa niaba ya serikali, ya shamba, wala ya wenye ndege. Mlima upo pale pale, unauona kutoka barabarani ukienda sokoni.

Kisha Meneja akaja nyumbani. Alikuja mchana kweupe, na zawadi ya sukari, akaketi kwenye kiti cha wifi. Nilikuwa jikoni nachemsha chai ya mchaichai, na dirisha la sebule lilikuwa wazi. Alianza kwa pole nyingi. Halafu akapunguza sauti, ila si vya kutosha. "Salehe, fikiri kiutu uzima. Ndege haijaonekana, mwili haujaonekana. Nani amesema amekufa? Mwanamke msomi, ana ndege, mpaka hauko mbali. Wewe ukisema ametoroka, huna msiba wa kupeleka kwa wakwe. Na mimi sina kesi ya kujibu." Nilingoja atukane. Nilingoja amshike yule mtu kola amtupe uani. Nilisikia kiti kikilia, kisha kaka akasema, "Na wenye ndege?" Meneja akasema, "Hao nitaongea nao mimi. Wataandika imeibwa." Nilipoingia na sinia waliacha kuongea, na kaka akaniambia chai haina sukari ya kutosha. Ilikuwa sukari ya Meneja.

Ili mgeni aelewe kwa nini maneno yale yalikuwa kisu, lazima nieleze mambo yetu. Kwetu msiba una njia yake. Mwanamke aliyeolewa akifa, habari haipelekwi na jirani wala na upepo. Mkubwa wa upande wa mume ndiye anayekwenda kwa wazazi wake, anakaa chini mbele yao, anasema mtoto wenu amefariki, na akiulizwa amefariki vipi anajibu. Ndipo mama anatandika mkeka, hitima inasomwa, watu wanalia mpaka wanachoka, na siku za mbele mjukuu anaweza kupewa jina lake. Neno lisipoletwa, huyo mtu bado yuko kwa mumewe. Ni mke wa watu ambaye hajaonekana siku nyingi, hivyo tu. Sasa fikiria kaka yangu akikaa mbele ya mama wa Misima na kuulizwa, "Amefariki vipi?" Angejibu nini? Kwamba taa zilikuwa harusini, kwamba mwanao alikataa kuruka, na mimi mumewe ndiye niliyemwambia aende kwa kuwa namwogopa Meneja? Kumwita mkewe mtoro kulikuwa rahisi zaidi. Angekuwa yeye ndiye wa kupewa pole.

Nilisema. Hilo nataka lieleweke. Wazee wa kwetu walipokutana Handeni kuzungumzia aibu iliyomkuta Salehe, nilisimama nikaeleza karabai, chakula cha mchana, mwanamke wa Lutindi, na kila neno la Meneja. Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa kitambo nilidhani nimeshinda. Kisha akasema, "Umemaliza? Kaa chini. Binti wa juzi hawezi kumvua nguo kaka yake mbele ya ukoo." Nikasema sijamaliza. Mama akanivuta khanga mpaka nikakaa. Salehe alikuwa anatazama mkeka, anauchomoa nyuzi. Hakusema ninadanganya. Hata ujasiri wa hilo hakuwa nao. Kabla ya mwezi kwisha nilitafutiwa safari ya Morogoro kwa shangazi, na huko nikaolewa, nikazaa, nikazeeka.

Lakini kabla ya Morogoro nilikwenda Misima. Nilidandia lori la mahindi, nikatembea sehemu iliyobaki, nikamkuta mama yake Mwantumu shambani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye mabua, nalia. Alinishika bega, akanifuta uso kwa pindo la khanga yake. "Mwanangu, nakuamini," alisema. "Moyo wangu ulishaniambia. Lakini msiba hauletwi na mtoto. Nikitandika mkeka kwa neno lako, watasema mama mtu amemuua mwanawe kwa mdomo ilhali mumewe anasema yu hai. Waambie wakubwa zako waje. Nitawangoja." Alisema nitawangoja kwa heshima, kana kwamba wamechelewa kidogo tu kwa sababu ya mvua.

Akawangoja. Kila Idd ikipita alivaa, akapanda gari kutoka Misima hadi Handeni, akabisha hodi kwa mkwewe. Salehe alikuwa amerudi Handeni, ameoa tena. Alikuwa hajampa Mwantumu talaka wala hajamzika. Mama yule aliketi karibu na mlango, akapewa chai, akauliza watoto wazima, shamba vipi, kisha akauliza, "Na mwenzetu, mna habari gani?" Kaka yangu alimjibu, "Bado tunasubiri, mama." Mwaka baada ya mwaka! Alimtazama usoni mwanamke mzima mwenye mvi, akamwambia bado tunasubiri, akamsindikiza mpaka barabarani. Siku moja nilikuwapo, nimekuja kusalimia kutoka Morogoro, nikafungua mdomo mbele yake. Salehe akanifukuza nyumbani kwake na tukakaa miaka mingi bila kusemeshana. Watu wananiuliza kwa nini sikumlilia sana alipofariki. Nilimlilia. Alikuwa kaka yangu, alinifundisha kuendesha baiskeli. Lakini mtu anaweza kulia huku meno ameyauma.

Sasa turudi kwenye ile hitima. Wageni walipopungua, wanaume walikaa kupanga mambo ya arobaini. Baba mkubwa ameshafariki, mama ameshafariki, Salehe ndiye tumemzika. Nikasikia yule msemaji, binamu yangu Athumani, akisema, "Basi mkubwa wa nyumba hii aliyebaki ni dada Tatu. Lolote tutamuuliza yeye." Walikubali wote kwa urahisi, kwani kilichokuwa mbele yao ni masufuria na turubai. Mimi nilikaa na neno hilo. Mkubwa aliyebaki. Niliinuka nikawasogelea.

"Athumani, umesema mimi ndiye mkubwa?"

"Ndiyo, dada. Hakuna mwingine."

"Basi kuna msiba haujapelekwa Misima. Kesho naupeleka."

Walitazamana. Athumani akacheka kidogo, kile kicheko cha kumtuliza mwendawazimu. "Dada Tatu, mambo ya zamani hayo. Marehemu hajapoa kaburini. Halafu mwanamke hapeleki msiba, unajua."

"Sawa," nikasema. "Nipelekeeni nyinyi. Nani anakwenda? Wewe? Wewe?" Nilimnyooshea kidole kila mmoja, na kila mmoja alipata kitu cha kutazama chini. Wengine walitoa simu zao. "Basi nyamazeni, na mnikome."

Niliingia ndani kwa mjane, Mwanaidi, aliyekuwa ameanza eda, amekaa nyuma ya pazia na shuka jeupe. Nilitaka kumwomba radhi kwa kelele. Huyu ni wifi yangu wa pili, mwanamke mtaratibu, na sikujua anasimama wapi, kwa sababu jina la Mwantumu lilikuwa halitajwi mbele yake. Alinivuta karibu. "Nimesikia," akasema. "Nenda, wifi. Chai ya yule mama kila Idd niliipika mimi. Nilikuwa nasimama jikoni namsikia Salehe anamjibu, na ninaona aibu mpaka nashindwa kutoka kumuaga. Mimi nimepewa eda, nimepewa watu wa kulia nami. Yeye hakupewa hata siku moja." Akauliza kama nina khanga nyeusi. Sikuwa nayo, akaniambia nifungue sanduku lake.

Asubuhi nilichukua bodaboda mpaka Misima. Simu ilitetemeka mkobani njia nzima, kundi la ukoo limewaka moto, sikuisoma. Mama yake Mwantumu amezeeka sana, macho yamefifia, lakini alikuwa nje ya nyumba amekaa anapeta choroko. Alinitambua kwa sauti. "Tatu! Pole na msiba wa kaka yako, mwanangu. Nilisikia, miguu imenikatalia kuja." Nikampa shikamoo, akaitikia, akaingia ndani akiwa anashika ukuta, akatoka na maji kwenye kikombe cha bati. Sikuyapokea. Nikakaa chini, kwenye udongo, mbele ya miguu yake. Anayeleta msiba kwetu hanywi maji kabla hajasema, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Akakiweka kikombe chini taratibu, naye akakaa, akaupakata tena ungo wa choroko.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama. Wakubwa wote wamekwisha. Mimi ndiye mkubwa wa upande wa mume. Nimekuja kukuambia mtoto wenu amefariki."

Kisha akauliza lile swali ambalo kaka yangu aliliogopa maisha yake yote. "Amefariki vipi?"

Nikamjibu. Safari hii sikulia, nilieleza polepole, kila kitu mahali pake: chumba cha karabai kilichokuwa kitupu, harusi, maneno ya Salehe mezani, mvua, sisi na vibatari vyetu, mlio uliozunguka, ukungu wa Lutindi. Nilimtaja Salehe kwa jina na nikasema ukoo wetu umemkosea. Choroko zilikuwa bado kwenye ungo mapajani mwake. Alisikiliza mpaka mwisho, na alipouliza tena sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Kwa hiyo alikuwa anarudi nyumbani?"

"Ndiyo, mama. Alikuwa anarudi nyumbani."

Aliweka ungo pembeni. Akasimama bila kushika ukuta, akafungua khanga ya kiunoni, akajifunga kichwani, akatembea mpaka katikati ya uwanja. Akaweka mikono kichwani na kupiga yowe. Sijawahi kusikia sauti ile, wala sikudhani mwili ule mdogo unayo. Wanawake walikuja kutoka nyumba zote, wengine na majembe, wengine mikono ina unga, mabinti ambao walikuwa hawajazaliwa mwaka ule. Wakamzunguka, wakamshika, wanauliza kuna nini, bibi, nani, nani?

"Mwantumu," akawaambia. "Mwanangu Mwantumu amefariki."

"Lini, bibi?"

"Leo," akasema. "Nimeletewa leo."